Uvimbe maji wa chini ya pua: kuutoa mzima au kuufungulia puani?

Uvimbe maji unaoota chini ya bawa la pua, ambao wataalamu wengi huuhusisha na masalia ya mfereji wa machozi yaliyobaki tangu tumboni mwa mama, kwa kawaida hujitokeza ukubwani, zaidi kwa wanawake, na wengi huudhania kuwa jipu la jino. Daktari hutia kidole kimoja puani na kingine kati ya mdomo wa juu na ufizi, akausikia ukisogea katikati. Kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, huonyesha kama umebonyeza mfupa.

Njia ya zamani ni kupasua ndani ya mdomo wa juu na kuutoa mzima. Kwa uhakika naipa nafasi ya kwanza, kwa kuwa uvimbe wote huenda maabara na ni nadra kurudi, ila uso huvimba na meno ya mbele huweza kubaki na ganzi kwa muda.

Njia ya pili, ya kamera nyembamba, hukata paa la uvimbe ili ubaki wazi puani. Ni ya haraka na maumivu yake ni machache, lakini huhitaji vifaa ambavyo hospitali nyingi ndogo hazina, na tundu likiziba maji hujaa upya. Anayeweza kurudi kliniki kukaguliwa itamfaa. Anayeishi mbali, au ambaye uvimbe wake haujasogea karibu na sakafu ya pua, heri upasuaji wa mdomoni.

Uvimbe wa kwenye mgongo wa pua haumo katika ulinganisho huu: huo huweza kufika hadi kwenye ubongo, kwa hiyo usiguswe kwa sindano wala kisu kabla ya MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku.