Dunlop Jazz III: Je, Piki Hii Inafaa kwa Chini-Juu ya Kasi?

Karibuni tena. Leo mezani kuna piki moja ndogo, yaani kipande cha kupigia nyuzi za gitaa: Dunlop Jazz III ya nailoni, unene milimita 1.38. Tunaipima kwa kazi moja tu: kupiga chini-juu (pigo moja la piki kushuka, linalofuata kupanda) kwa kasi bila mikono kuachana, yaani wa piki na wa freti ziende pamoja.

Kwanza shika piki laini, Tortex ya rangi ya chungwa, milimita 0.60. Ikigusa uzi, ncha inajikunja halafu inarudi. Ukipiga polepole, haina neno. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 120 kwa dakika, noti nne kila pigo, yaani noti nane kwa sekunde, na sasa ncha inachelewa kuuachia uzi. Hujui tena aliyechelewa ni piki au kidole.

Jazz III haijikunji, uzi unalia palepale mkono unapoamua. Ncha yake kali haitaki kuzama: ipite uzi kwa milimita moja au mbili, basi. Ukiizamisha zaidi inanasa, na mtu huanza kukaza mkono mpaka begani. Ilaze kidogo, ukingo utangulie, utasikia inavyoteleza.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba haifichi kosa. Ukisikia "tk" kavu badala ya noti, kidole cha kushoto kimechelewa, piki imetangulia. Noti ikikatika kabla ya wakati wake, kidole kimenyanyuka mapema. Jaribu hivi: uzi wa tatu, freti (nafasi kati ya vile vyuma vya shingo ya gitaa) ya 5, 6, 7, 8, kila freti na kidole chake, metronomu 60, noti nne kila pigo, mkazo kwenye freti ya 5. Mkazo ukihamia freti ya 6, mikono imeshaachana, rudi 50. Ukitoa raundi kumi safi mfululizo, ongeza mapigo manne.

Ukigota, usilazimishe zoezi zima. Piga noti tano tu kwa kasi unayoitafuta, nne ndani ya pigo na ya tano itue juu ya pigo linalofuata, kisha pumzika mapigo matatu. Mkono ukibaki mlegevu, unganisha mafungu mawili ya namna hiyo.

Kuvuka nyuzi ni shughuli nyingine. Ukipanda kwa noti tatu kila uzi, uzi unaouacha unaisha kwa chini na unaofuata unaanza kwa juu, kwa hiyo piki lazima iuruke huo uzi mpya. Wengi hulaumu kidole hapo, kumbe ni huo mruko. Ufanye peke yake, noti mbili tu, mara nyingi.

Kasoro zipo. Kwa kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, za kuchapa nyuzi zote ni ngumu mno, inakwaruza. Baki na ile ya 0.60. Vidole vikitoa jasho inazunguka, na hapo chukua toleo la Max-Grip, lina uso wenye vinundu. Na ikague ncha mara kwa mara: nailoni inalika, na ncha butu inaanza tena kunasa kwenye uzi.