TAHADHARI: Anayeuza "kifurushi cha kuandaa trela" Mwanza, soma kabla hujatuma hela

Wakuu, salaam. Hii ni kwa yeyote mwenye trela la kambi, karavani au hata trela la kubebea boti hapa Mwanza na mikoa ya jirani.

Kuna jamaa anatembeza tangazo la kuandaa trela kwa ajili ya kiangazi. Kifurushi chake ni matairi mawili mapya, betri mpya ya 100Ah (Ah ni kipimo cha umeme inaotunza) ya kuendeshea friji na taa, beringi mpya na grisi, pamoja na kukagua mpira na regulata ya gesi. Vyote laki tisa na nusu, na anakufuata nyumbani na vijana wake. Ukizunguka madukani ukajumlisha mwenyewe utakuta bei yake iko chini, ila haiko chini kiasi cha kutia shaka. Hapo ndipo alipowazidi matapeli wengine akili. Angesema laki nne kila mtu angekimbia.

Jina silitaji. Suala liko polisi, tena jina analojiita sasa silo alilompa mteja mwingine niliyekuja kukutana naye. Ukizishika mbinu zake utamtambua hata akija na jina la babu yako.

Msimu wenyewe anaujua vizuri. Vile vitabu vya maelekezo vya matrela ya Uingereza vinakuambia uliamshe trela baridi yao inapoisha, Machi au Aprili. Huku kwetu Machi na Aprili ni masika, njia za hifadhini ni tope, na mwenye akili zake hakokoti trela kipindi hicho. Sisi tunaliamsha Mei, ili shule zikifunga Juni watoto wapelekwe Serengeti kupitia geti la Ndabaka, maana nyumbu wengi huwa wamesogea upande huu wa magharibi. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, upande wa Chato nao umesogea: unapita kama kilomita 3 juu ya maji bila kupanga foleni ya kivuko, unaliacha gari huko na kupanda boti kwenda Rubondo. Kwa hiyo ikifika Mei kila mwenye trela anatafuta matairi na betri, na kila mtu ana haraka. Ndiyo miezi anayovuna huyu bwana.

Trela letu, langu mimi na shemeji yangu, lilikaa Nyegezi masika yote. Namba ya jamaa shemeji alipewa na winga (dalali) mmoja wa spea. Wakaelewana, ikatangulizwa laki sita "ya kutolea mzigo", nyingine imaliziwe kazi ikiisha. Asubuhi akatuma kijana kuja kuchukua ringi zetu. Jioni wakarudi, jua linazama, matairi yakiwa yameshavalishwa kwenye ringi na yamejazwa upepo. Alisema kafanya hivyo ili asitupotezee muda. Kwa saa moja wakawa wamemaliza kila kitu na kuondoka na hela iliyobaki.

Sababu ya kuyavalisha huko huko tuliiona kesho yake. Ubavuni mwa tairi kuna herufi DOT na mfuatano wa herufi na namba, na tarakimu nne za mwisho ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Matairi mengi huandikwa hizo tarakimu nne upande mmoja tu. Jamaa anavalisha upande huo ukiangalia ndani, chini ya trela, ambako hakuna atakayelala chali kusoma. Upande wa nje unaona tairi jeusi linang'aa, unaridhika.

Kijana anayetuoshea gari ndiye aliyeufumua utapeli huo. Alisugua ubavu wa tairi kwa maji ya sabuni ya unga, kitambaa kikatoka cheusi tii, akasugua tena, kikatoka cheusi tena. Chini ya ule weusi kulikuwa na nyufa nyembamba zimelizunguka tairi lote, kama tope la ufukweni lililokaukia juani. Akaniita. Nikaingia chini na tochi. Tairi la kwanza lilikuwa la 2014. La pili mahali pa tarehe palikuwa pamepigwa msasa pakawa laini kabisa, na hilo kwangu ni baya kuliko tarehe ya zamani, kwa sababu mtu hapigi msasa kwa bahati mbaya.

Mifereji nayo ilikuwa imechongwa upya kwa kisu cha moto. Utajuaje? Tairi la kiwandani ndani ya mifereji lina vijituta vidogo vya mpira vyenye urefu wa milimita 1.6, tairi likiisha hadi kulingana navyo, unalitoa. Tairi la kuchonga halina vijituta hivyo, kwa sababu kisu kimepita navyo. Pitisha kidole ndani ya mfereji mzunguko mzima. Usipokutana na kijituta hata kimoja, hilo ni kipara kilichovalishwa wigi. Na ukumbuke aliyechonga hakuongeza mpira wowote, amepunguza ule mdogo uliokuwa umebaki juu ya nyuzi.

Tairi la trela huwa halifi kwa kuisha mifereji, linakufa kwa umri. Linasimama miezi mahali pamoja limebeba uzito, jua linalipiga upande mmoja, raba inakauka. Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kubadilisha tairi la trela likifika miaka 5 au 6 hata kama kwa macho bado zuri. Mteja mwingine wa huyu jamaa, mtu mzima, baba wa familia, ganda la juu la tairi lilibanduka akiwa ameshapita Magu. Lilifumua madigadi na kukata bomba la maji lililopita chini ya trela. Gari halikupinduka, tumshukuru Mungu, lakini bomba lingekuwa la gesi ningekuwa naandika habari nyingine.

Sasa betri. Hapa ndipo pana ufundi wa kitapeli ninaoukubali, japo kwa hasira.

Alikuja na mita yake, akaichomeka mbele ya watu wote, ikasoma volti 13 na pointi. "Mnaona, iko fulu." Betri ya asidi iliyotulia ikiwa imejaa inasoma kama 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 13 na zaidi bila chaja wala sola kuunganishwa, maana yake imetoka kwenye chaja sasa hivi, na ule ni moto wa juu juu tu. Hata betri iliyochoka inasoma hivyo dakika chache baada ya kuchomolewa. Ilazwe usiku mmoja, au iwashiwe taa kubwa kwa dakika kadhaa, ndipo upime. Yetu asubuhi, bila kutumika kitu, ilikuwa 12.1, yaani imebaki kama nusu au chini yake.

Shemeji akasema labda haikuchajiwa vizuri. Tukaichaji siku nzima, tukaipumzisha, tukafunga friji. Friji yetu inakula wastani wa ampea 4. Betri ya 100Ah ukiitumia nusu tu, ambavyo ndivyo inavyotakiwa ili isife mapema, una 50Ah, kwa hiyo friji inakaa saa 12 na zaidi. Yetu ilizima kabla hata ya kuivisha ugali wa mchana.

Nikaipeleka kwa jirani anayefanya biashara ya dagaa Mwaloni, ana mizani nzuri. Betri ya asidi ya 100Ah huwa na kilo 25 hadi 30, kwa sababu uzito wake ni risasi iliyomo ndani. Hii ilikuwa na kilo 17. Boksi la betri kubwa, ndani kuna betri ndogo. Ukiitikisa unasikia kitu kinagonga. Ile karatasi ya "100Ah Deep Cycle" nilipoikwangua pembeni kwa ukucha ikainuka, chini yake kuna gundi ya karatasi nyingine ya zamani. Nisieleweke vibaya: betri za lithiamu ni nyepesi kihalali, ya 100Ah inaweza kuwa na kilo 10 hadi 13. Lakini hizo bei yake ni nyingine kabisa, na huyu anauza ya asidi, imeandikwa hivyo ubavuni.

Beringi sitakaa nazo sana. Boksi jipya alilionyesha, akalifungua mbele ya shemeji, beringi zinang'aa. Kisha likaondoka na gari lao. Tulipofungua habu tulikuta beringi zetu zile zile za zamani, grisi mpya imepakwa kwenye kifuniko cha nje tu, ndani grisi kavu ya kahawia na kutu ya masika. Dawa yake ni ndogo: zile mpya zipake alama ya rangi ya kucha kabla hazijaingia, na zile za zamani zibaki kwako. Fundi mkweli hana shida kukuachia spea mbovu. Hatakuuliza hata unazitaka za nini. Gesi hakuigusa kabisa, ila kwenye karatasi yake ameandika "gesi OK". Kupaka povu la sabuni kwenye maungio aone kama inavuja kungemgharimu dakika mbili.

Kuhusu hela. Namba aliyotoa haikuwa lipa namba ya biashara, ilikuwa namba ya kawaida, na jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mtu mwingine, la kike. Alisema ni mke wake. Mteja wa Magu naye alitajiwa mke, jina tofauti. Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) hakuna, kuna karatasi ya mkono yenye muhuri. Picha za "gereji yetu" anazotuma zina magari yenye namba zinazoishia na GP, yaani yamesajiliwa Gauteng, Afrika Kusini, na nyuma kuna uwanda tambarare hadi upeo wa macho. Mwanza hii ya mawe, uwanda huo uko mtaa gani?

Tulipompigia alikuwa mpole ajabu. "Bosi wangu, lete tu, tunabadilisha." Kesho yuko Kahama, keshokutwa ana msiba, baadaye akazizuia namba zetu.

Waliokwisha kupigwa: nendeni polisi mkafungue jalada mpewe RB (namba ya taarifa yenu), msiishie kulalamika, kwa sababu malalamiko ya mmoja yanaonekana ugomvi wa fundi na mteja, yakiwa manne yanaonekana utapeli. Msifute ujumbe wala muamala. Matairi na betri msivitupe wala msimwuzie mtu wa chuma chakavu, huo ndio ushahidi. Pigeni picha ile tarehe na mizani ikisoma. Namba zake za simu ziripotiwe 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Kwa upande wa bidhaa bandia wahusika ni Tume ya Ushindani, FCC. Na msiandike jina lake wala picha yake mitandaoni kwa hasira, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, usije ukatoka mlalamikaji ukawa mshtakiwa.

Ambaye bado hajamlipa na anataka kujua kama ni yeye, amwambie maneno haya tu: matairi yaje hayajavalishwa, betri ilale kwangu usiku mmoja kabla ya malipo, na beringi za zamani nabaki nazo. Jamaa mmoja wa Bwiru alimwambia hivyo wiki hii. Akajibiwa mzigo umekwama Shinyanga, na tangu hapo simu haipokelewi.