Kuweka oda ni rahisi, kuifuta ni shughuli

Programu ya simu ya wakala wangu wa hisa jijini Nairobi inastahili sifa kwa namna inavyorahisisha kuweka oda. Kasoro yake hujitokeza pale unapobadili nia. Nilikuwa nimeagiza hisa 500 za Safaricom kwa bei ya kikomo, yaani bei ya juu kabisa niliyokubali kulipa, na nilipotaka kuzipunguza ziwe 300 sikuona kitufe cha kuhariri, hivyo ikanibidi nifute oda nzima na kuanza upya, nikipoteza nafasi yangu kwenye foleni, kwa kuwa bei zikilingana hutangulizwa aliyewahi. Kwamba sehemu iliyokwisha kununuliwa haifutiki, hilo silalamikii. Ila kwa oda niliyoifuta, neno “inasubiri” lilibaki kwenye skrini hadi soko lilipofungwa saa tisa alasiri, na fedha zilizozuiliwa kwa ajili yake zikarudi kesho yake.