Faiba, 5G, setilaiti na waya wa simu: uzoefu wangu wa intaneti ya nyumbani

Nimetumia aina zote nne, na kipimo ninachokiamini ni kimoja: laini inajimudu vipi saa mbili usiku, mmoja akiwa anapandisha video na mwingine yuko kwenye mkutano? Mbps (megabiti kwa sekunde) zinazotangazwa ni za kupakua, tena laini ikiwa tupu. Simu ya video huridhika na Mbps 3 au 4 kila upande, na filamu ya 4K kwa kawaida haizidi 25. Kinachotesa watu ni kasi ya kupandisha na muda wa data kwenda na kurudi.

Kwa kipimo hicho faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha data kwa mwanga, inaongoza kwa mbali. Data huenda hadi seva ya karibu na kurudi kwa milisekunde chache, na mvua haiigusi. Hata hivyo si yako peke yako: kwenye GPON, mfumo wa kugawa faiba moja kwa nyumba nyingi, waya mmoja wenye takriban Gbps 2.5 (Gbps 1 ni Mbps 1,000) za kupakua na 1.25 za kupandisha hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Nyumba zote haziwi na kazi nzito kwa sekunde ileile, ndiyo maana mgao huo huonekana mara chache.

Ubovu wake mwingi uko mita chache kutoka kwenye kifaa cha faiba kilichomo nyumbani. Taa ya LOS (ya kupotea kwa mwanga) ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Kabla ya kumwita fundi, fuata waya hadi ukutani uone kama haujakunjwa kona kali nyuma ya kabati, kisha hakikisha kichwa kimeingia mpaka kikalia “tik”. Kichwa cha kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, cha bluu hakina mshazari huo. Ukiviunganisha pamoja vitaingia bila shida, lakini mwanga mwingi utapotea hapo hapo. Ncha usiiguse kwa kidole wala usiichungulie kwa jicho. Siku ya kufungiwa, mwombe fundi akuandikie nguvu ya mwanga inayopokelewa. Kati ya -15 na -25 dBm (kipimo cha nguvu; kadiri hasi inavyokua ndivyo mwanga unavyofifia) uko salama. Ikikaribia -27, tegemea kukatika. Namba hiyo ya siku ya kwanza ndiyo itakayokusaidia baadaye kumwonyesha mtoa huduma kwamba kuna kilichobadilika.

Ruta ya 4G au 5G ndiyo inayolaumiwa sana, na mara nyingi kosa ni mahali ilipowekwa. Usitazame vijiti vya mtandao. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta utafute RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (mawimbi yakilinganishwa na kelele). RSRP ya -80 ni nzuri, -110 ni mbaya. Mimi naangalia SINR kwanza, kwa sababu inaeleza usafi wa mawimbi: juu ya 20 ni safi, chini ya 5 data hurudiwa-rudiwa na kasi huporomoka hata vijiti vikiwa vimejaa. Hamisha ruta dirisha moja baada ya jingine, kila mahali ipe dakika mbili itulie, andika namba. Bati na vioo vyenye utando wa kuzuia joto humeza mawimbi vibaya mno. Ukinunua antena ya nje, waya wake uwe mfupi, maana waya mrefu na mwembamba unakula kile antena ilichokileta. Mnara ukielemewa na watu jioni, hakuna antena itakayokuokoa. Kwa hiyo kabla ya kununua, jaribu mtandao huohuo kwa simu yako, saa za jioni, ukiwa ndani ya chumba utakachoweka ruta. Jambo jingine la kuangalia ni anwani ya IP ya ruta upande wa nje, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni. Ikianza na namba kati ya 100.64 na 100.127, mnachangia anwani moja na wateja wengine, na kamera yako ya ulinzi haitafikika moja kwa moja kutoka nje.

Waya wa simu ni suala la umbali tu. VDSL2, teknolojia ya kupitisha intaneti kwenye waya huo, inaweza kukaribia Mbps 100 ukiwa mita mia chache kutoka kwenye kabati la mtandao. Ukipita kilomita moja inashuka sana.

Setilaiti zigawe makundi mawili. Zile zilizo kilomita 35,786 juu zinakula karibu nusu sekunde kwa safari ya mawimbi peke yake, na hakuna ruta ya kulirekebisha hilo. Za chini, kama Starlink iliyo kilomita 550 hivi, huwa kati ya milisekunde 25 na 60, zinazotosha mikutano. Ila dishi linataka anga wazi kweli: tawi moja la mti linakata laini kwa sekunde kadhaa kila setilaiti ikipita nyuma yake. Filamu haitastuka kwa kuwa ina akiba, simu ya video itakwama. Tena dishi la kawaida hula wati 50 na zaidi, na hilo ni zito kwa anayetegemea betri.

Vyovyote uchaguavyo, pima kwa waya, si kwa waifai. Kasi ikigoma kwenye Mbps 94 hivi, shuku kebo ya mtandao kwanza: Gbps 1 inahitaji jozi zote 4 za nyaya zilizomo ndani yake, Mbps 100 hutumia 2, basi jozi moja ikikatika unaweza kurudi kwenye Mbps 100. Kisha pandisha faili kubwa huku ukitazama ping (muda wa data kwenda na kurudi, kwa milisekunde). Ikiruka kutoka 15 hadi 300, washa SQM (inayopanga foleni ya data) kwenye ruta inayoikubali, weka kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, upime tena. Bado inaruka? Shusha kikomo hadi 80.