Wakala wa viza za wazazi hapa tao: karatasi za Kenya wanajua, ushauri wa Kanada wacha tu

Wacha niandike hii mara moja manake watu wa chama wameniuliza sana kuhusu wakala tuliyemtumia kwa viza ya mama na nimechoka kutuma voisi noti. Nyota tatu kwa tano. Hizo tatu wamezipata kwa mambo ya Kenya, mbili wamezipoteza kwa mambo ya Kanada.

Ni ofisi ya wakala wa viza hapo katikati ya jiji, jina sitaji. Ndugu yangu ako Edmonton, Kanada, ashapata uraia wa kule, na tangu mzee wetu aage alikuwa anataka mama ahamie kwake. Mama ana 74, ana pressure na sukari kidogo, amekuwa akiishi na mimi huku Umoja. Sasa mimi ndio niko Nairobi kwa hivyo kukimbia na karatasi ilikuwa kazi yangu, na mimi nina kazi ya kuajiriwa, siwezi kuomba ruhusa kila wiki. Ndio maana tukatafuta wakala.

Kwanza penye wako vizuri, na wako vizuri kweli. Mama alizaliwa kijijini kabla ya uhuru, cheti cha kuzaliwa hajawahi kuwa nacho, na bila hicho cheti pasipoti hupati. Alafu kitambulisho chake kina jina la ubatizo lakini cheti cha kuzaliwa cha ndugu yangu kimemwandika mama kwa lile jina la nyumbani peke yake, la ubatizo halipo. Mimi hiyo karatasi nimekaa nayo kwa droo miaka na sijawahi kuona shida. Yule dada wa pale mapokezi hata hakuwa amemaliza kutuamkia vizuri, akaziweka hizo karatasi mbili kando kwa kando kwa meza akasema, "Mama, shikamoo, hapa wazungu watatuuliza kama huyu ni mtoto wako ama ni wa mtu mwingine." Mama akacheka. Mchana huo huo tulikuwa tumeshapelekwa kwa wakili kula kiapo kwamba hayo majina yote ni ya mtu mmoja. Hiyo ya kumsajilisha mtu mzima apate cheti cha kuzaliwa walifanya wao, barua ya chifu walituambia iandikwe vipi, fomu za eCitizen (mtandao wa huduma za serikali) wakajaza, na siku ya kwenda Nyayo House kwa pasipoti kijana wao alikuwa ametangulia asubuhi, tukafika tukapata mama ashatafutiwa kiti. Kama una mzazi mzee na karatasi zake ni za kuokoteza okoteza, hiyo huduma pekee yake ina thamani.

Na siku ya alama za vidole za viza ya Kanada nitawasifu pia. Mama amelima chai na mahindi maisha yake yote, vidole vyake vimelainika hadi mashine haioni kitu. Anaweka, mashine inakataa, anafuta, anaweka tena, inakataa, na yeye anaanza kuona aibu kama ni yeye amefanya kosa. Kijana wa wakala alikuwa amesimama nje, nikamtumia meseji, akaniambia mpake mafuta kidogo ya mikono, subiri iingie, pangusa kabisa, alafu mwambie afinye kwa nyama ya kidole sio kwa ncha. Mwenye mashine akakubali tujaribu hivyo, ikasoma. Sasa hio ni akili ya mtu ameshughulikia wazee wengi. By the way kama mzazi wako amepita miaka 79 Kanada hawamuitishi vidole kwa hii viza ya mzazi kutembelea mtoto, msimbebe bure.

Haya tuje kwa shida.

Kwa ukuta wana bango kubwa, "Hamisha Wazazi Kanada, PR". Nilimtumia ndugu yangu picha yake, akaniambia uliza vizuri hiyo PR (ukaazi wa kudumu) ni ipi. Kuna njia mbili na watu huzichanganya, na hawa watu wanafaidika na huo mchanganyiko. Ya kwanza ni ile ya kusponsa wazazi wawe wakaazi wa kudumu kabisa. Hiyo mtoto ndiye anaomba akiwa kule, anasaini kwamba atamlea mzazi miaka 20 (jimbo la Quebec ni 10), anaonyesha mapato ya miaka mitatu, na zaidi ya yote huingii mpaka ualikwe kwa bahati nasibu. Walifungua fomu ya kujiandikisha wiki chache tu mwaka 2020, na hata 2025 walikuwa bado wanaalika kutoka kwa hao hao wa 2020. Ndugu yangu 2020 hakujiandikisha, bado hakuwa na PR yake mwenyewe. Kwa hivyo hakuna mtu aliyeketi kwa ofisi Nairobi anaeza "kukuweka kwa laini" ya hiyo kitu, hata umlipe nini.

Ya pili inaitwa super visa, ilianza Desemba 2011, na hio ndio walikuwa wanatuuzia kwa jina la PR. Ni viza nzuri sana kwa wazee, inaeza kupewa hadi miaka 10 ukiingia na kutoka, na kila ukiingia unakaa hadi miaka 5. Lakini mama anabaki mgeni. Hapati kadi ya matibabu ya serikali ya kule, na uraia sahau. Kwetu hiyo haikuwa shida manake mama mwenyewe hataki kuachana na shamba lake, anataka kwenda kuona wajukuu akirudi. Shida ni kwamba mimi ndio nilimwelezea, wao hawakumwelezea. Alafu kwa ile karatasi yao ya maelezo, ile wameilamineti, bado imeandikwa ukiingia unakaa miaka 2. Hio ilibadilika Julai 2022! Nikamwonyesha meneja kwa simu, akasema "ni sawa tu, Mama atakaa venye atapewa". Mtu wa kulipwa ushauri, ndio hayo majibu.

Bima ndio iliniudhi zaidi. Super visa inataka bima ya matibabu ya angalau dola 100,000 za Kanada, ya mwaka mzima, na iwe ya kampuni ya Kanada au, tangu Januari 2025, ya nje lakini iwe imeidhinishwa na msimamizi wa benki na bima wa huko anaitwa OSFI. Wakala wakatuletea bima ya kusafiri ya hapa hapa, ile watu hununua wakienda kutembea Dubai, bei rahisi, na wanapata kamisheni yao hapo. Ndugu yangu akaikataa kwa simu tukiwa bado tumekaa pale. Akanunua mwenyewe kule, na ni pesa nyingi sitaki kuwadanganya, mzee akiwa na pressure wanauliza dawa amebadilishiwa lini, na wengine wanakataa kulipa ugonjwa aliokuwa nao kama haujatulia. Ikiwezekana lipa kwa awamu, hiyo inakubalika bora umeweka dipoziti, lakini kotesheni tupu hawaitambui. Hilo pia wakala hawakutuambia.

Kitu kingine, na hapa nilikasirika hadi mama akanigusa mkono ninyamaze. Meneja alipendekeza tuweke pesa kwa akaunti ya mama, ikae hapo wiki chache "ipendeze", wao wana mtu wa kukopesha. Yaani kupampu akaunti. Kwanza kwa hii viza mapato yanayoangaliwa zaidi ni ya mtoto aliye kule, kuna kiwango cha chini wanaita LICO, kinahesabiwa kulingana na watu wa nyumba yake pamoja na huyo mzazi anayekuja, na mke wa huyo mtoto anaeza kusaini naye wajumlishe. Mama hahitaji kuonekana tajiri, anahitaji kuonekana ana kwake na atarudi, sisi tuliweka hati ya shamba na barua ya ndugu yangu ya kumwalika basi. Pili, ukishikwa umedanganya kwa maombi ya Kanada unafungiwa miaka 5. Mama wa miaka 74 miaka 5 ni nyingi, atawaona hao wajukuu lini?

Nikauliza swali ambalo kila mtu anafaa kuuliza akiingia ofisi kama hizi. Kwa sheria ya Kanada mtu anayekulipisha kwa ushauri wa uhamiaji ama kukuwakilisha lazima awe wakili wa kule ama konsultanti aliyesajiliwa kule, na orodha ya makonsultanti iko wazi kwa intaneti, unaangalia jina na namba. Nikaomba namba. Wakasema wana "patna" Toronto ndiye mwenye namba. Nikaomba jina la patna. Atapiga simu. Hajapiga hadi leo. Kwa hivyo ombi lenyewe tulijaza mimi na ndugu yangu kwa mtandao usiku, watoto wakilala, na haikuwa ngumu venye wanaifanya ionekane.

Bei sasa. Ada yao ya kukimbia na karatasi sina neno, walifanya kazi. Lakini kwa risiti kulikuwa na kitu kinaitwa "gavament fii" elfu 38. Serikali ya Kanada wanataka dola 100 za kwao za ombi na 85 za vidole, hizo ni kama elfu 17 hivi kwa rate ya wakati huo. Nikauliza hizo zingine ni za serikali gani. Walinirudishia, kwa M-Pesa, lakini baada ya kuzungushwa na kuambiwa mtu wa akaunti ako lanchi, akaunti ako mkutano, akaunti ameenda mazishi. Daini risiti imegawanywa kila kitu kando, na usilipe kwa namba ya mtu binafsi, lipa kwa till ya kampuni. Pia good conduct (cheti cha polisi) walitutuma tukachukue na orodha yetu haikuiitisha. Medikali ilihitajika, hiyo tulifanyia kliniki ya IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, na ilienda vizuri.

Na lifti! Ofisi ya wazee na iko ghorofa ya nne, na lifti inalala ikitaka. Mama alipanda ngazi akipumzika kila kona na juu hakuna hata maji ya kunywa hadi uombe.

Wenye mmeniuliza kuhusu nchi zingine, huyo meneja anasema zote anafanya, mimi singemwamini. Marekani mtoto lazima awe raia na awe amefika miaka 21, green card haitoshi kusponsa mzazi, baba na mama kila mmoja fomu yake, lakini angalau hakuna bahati nasibu, na intavyuu ni kwa ubalozi wao hapa Gigiri. Uingereza ndio ngumu kabisa tangu 2012, lazima uonyeshe mzazi hawezi kujihudumia hata kuoga na kuvaa, na kwamba huo usaidizi hauwezi kupatikana huku hata mtoto akituma pesa. Sasa nani Nairobi atasema hawezi kupata dada wa kumwangalia mama? Ukiweza kumlipa dada wanakwambia basi abaki na huyo dada. Jirani yangu alilipa wakala mwingine kwa hiyo na naona pesa yake imeenda.

Viza ya mama ilitoka, pasipoti ikaenda kubandikwa ikarudi. Wakala walivyosikia wakapiga simu siku hiyo hiyo kupongeza, na wakaomba vitu viwili, kitu kidogo cha shukrani kwa sababu "maombi yetu yamejibiwa", na picha ya mama akishika pasipoti waweke kwa status na TikTok yao. Ya picha nilikataa, wakaelewa haraka. Ya shukrani wamenipigia tena na tena, mpaka ndugu yangu akawapigia akiwa Edmonton akawauliza maombi gani hayo, ya kanisani ama yale yeye alijaza.