Miezi minne na oveni ndogo ya mezani: biskuti nne za chokoleti kwa mkupuo

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikioka biskuti nne za chokoleti karibu kila Ijumaa jioni, kwenye oveni ndogo ya mezani. Nne, basi. Nyumbani tuko wawili, mimi na binti yangu wa miaka kumi na mmoja, na sote tunajua kwamba biskuti ya chokoleti ina saa yake. Ni ile saa ya kwanza tangu itoke motoni, ukingo ukikatika kwa mlio, katikati pakiwa bado laini na chokoleti ikivutika. Kesho yake bado ni tamu. Siku ya nne imeshakauka, na hakuna chai ya kuirudisha. Zamani nilikuwa naoka ishirini na nne kwenye oveni kubwa, tunakula sita kwa furaha, na zilizobaki tunazila kwa sababu tu chakula hakitupwi. Ndiyo maana nilinunua hii ndogo, na ndiyo maana naipima kwa swali moja: je, inaoka biskuti nne zikaiva sawasawa?

Inaoka, tena vizuri. Ila si kwa namba zilizoandikwa kwenye swichi yake, na kulijua hilo kulinigharimu wiki tatu za siagi na chokoleti.

Yenyewe ni ya lita 10, wati 1000, ina koili mbili, moja juu na moja chini, na swichi mbili za kuzungusha: ya joto na ya dakika. Haina feni wala taa ya ndani. Trei iliyokuja nayo ni nyeusi na nyembamba, inabeba biskuti nne zikiachiana upana wa vidole vitatu. Oveni yangu kubwa ilichukua karibu dakika ishirini kupata moto ili biskuti zikae humo dakika kumi na mbili. Kuwasha chumba kikubwa kama kile kwa ajili ya biskuti nne kuliniuma kila mara.

Ijumaa ya kwanza niliweka swichi kwenye 180 kama nilivyozoea. Taa nyekundu ikazima baada ya dakika tano, nikaingiza trei. Dakika ya nane harufu ikabadilika. Anayeoka kwa kakao anaijua: ule utamu mzito unaojaa jikoni unaingiwa na ukali, kama kahawa iliyokaangwa kupita kiasi. Nikatoa trei mbio. Juu biskuti zilikuwa ziking'aa, mbichi kabisa. Chini zilikuwa nyeusi na ngumu kama kigae. Ijumaa ya pili nikapunguza dakika, zikatoka mbichi. Ya tatu nikapandisha trei karibu na koili ya juu, zikaungua mgongoni.

Nilimpigia muuzaji simu. Akanijibu kwamba oveni zote za aina hii ziko hivyo, nizizoee tu. Jibu hilo halikuniridhisha na mpaka leo halijaniridhisha. Namba iliyochapishwa kwenye swichi ni neno alilopewa mnunuzi. Kama haimaanishi nyuzi halisi, bora waandike ndogo, wastani na kali, mtu ajue anakadiria.

Nikanunua kipimajoto cha oveni, kile cha mshale kinachoning'inizwa kwenye wavu. Jumamosi moja tukaketi mbele ya kioo cha mlango, oveni ikiwa tupu, binti yangu ameshika tochi na daftari, akisoma mshale kila dakika kwa nusu saa nzima. Swichi ikiwa kwenye 180, mshale ulipanda hadi 210, ukashuka hadi 170, ukapanda tena mpaka 205. Ukurasa ule bado tumeubandika ukutani kando ya oveni, na mistari yake inapanda na kushuka kama vilima.

Sababu tuliielewa tulipotazama koili. Thamostati huzizima joto likifika na kuziwasha likishuka. Karibu oveni zote za umeme hufanya hivyo, hata zile kubwa. Lakini kwenye chumba kidogo chenye kuta nyembamba hakuna chuma kizito cha kutunza joto, hivyo kupanda na kushuka kunakuwa kukubwa, na koili inayowaka iko sentimita chache tu kutoka kwenye chakula. Ile taa nyekundu nayo ilikuwa inazima hewa ikishapata moto, wakati kuta na wavu ni vuguvugu bado. Nikifungua mlango hewa ya moto inatoka, koili ya chini inarudi kuwaka mfululizo, na trei nyeusi inalimeza lile joto lote na kulikabidhi kwa tumbo la biskuti.

Tangu siku hiyo naweka swichi kwenye 155, nasubiri dakika kumi na tano kamili bila kujali taa inasema nini, na mshale unacheza kati ya 165 na 180. Trei nyeusi nimeiweka kabatini. Natumia trei ya aluminiamu inayong'aa, nene kidogo, yenye karatasi ya kuokea juu yake, na wavu nauweka ngazi ya katikati. Ukinunua oveni ya aina hii, nunua na kipimajoto siku hiyo hiyo. Mimi siwezi tena kuitenganisha oveni yangu na kile kimshale.

Sasa kipimo chenyewe. Unga wa ngano gramu 45, kakao 10, siagi 40, sukari ya kahawia 40, sukari nyeupe 15, kiini cha yai kimoja, chumvi kidogo ya kubana kwa vidole, beking soda moja ya nane ya kijiko cha chai, matone machache ya vanila, na chokoleti nyeusi gramu 40 iliyokatwakatwa kwa kisu. Zinatoka biskuti nne za gramu 50 na kitu, kubwa za kujaza kiganja.

Kiini kinahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapokwama tukitaka kupunguza kipimo kikubwa. Biskuti ishirini na nne huchukua mayai mawili. Kwa biskuti nne hiyo ni theluthi ya yai. Yai kubwa bila ganda lina kama gramu 50, theluthi yake ni kama 17, na kiini cha yai moja kina uzito wa karibu hivyo hivyo. Nilipoona mizani inasoma 17 nilifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo uliopotea. Ila uzito ukilingana haina maana kwamba kazi inalingana. Yai zima robo tatu yake ni maji. Kiini maji yake ni kama nusu tu, na zaidi ya robo yake ni mafuta. Ndiyo sababu biskuti ya kiini peke yake inatoka nzito, yenye kutafunika, na haitandai ovyo kwenye trei. Niliwahi kujaribu kukoroga yai zima na kupima gramu 17 zake. Zikatoka bapa na kavu kidogo. Nikarudi kwenye kiini. Ute unaobaki unaingia kwenye mayai ya kukaanga ya asubuhi.

Kipimo kidogo hakisamehe. Hilo ningependa mtu alijue kabla hajaanza. Kwenye bakuli la biskuti ishirini na nne, gramu tano za siagi zikiganda kwenye mwiko hakuna atakayejua. Hapa gramu tano ni sehemu ya nane ya siagi yote. Nakwangua bakuli kwa mwiko wa mpira mpaka linabaki safi kama limeoshwa. Mashine ya kukorogea pia haifai, kwa sababu mapanga yake hayaigusi siagi kidogo kiasi hiki, yanaisukuma pembeni tu. Bakuli dogo na mwiko wa mbao, dakika mbili za mkono, siagi ikiwa laini ya kubonyea kwa kidole lakini haijayeyuka, inatosha.

Na beking soda! Moja ya nane ya kijiko cha chai ni kama nusu gramu na ushee, na mizani yangu ya jikoni, inayosoma gramu moja moja, haioni kitu hapo. Mara moja nilikadiria kwa ncha ya kijiko. Biskuti ziliumuka vizuri, rangi nzuri mno, nikampa binti yangu ya kwanza. Akauma mara moja, akaiweka kwenye sahani taratibu, akanywa maji. Ladha ya sabuni. Siku ya pili yake nikatafuta seti ya vijiko vidogo vya kupimia, na tangu hapo sikadirii tena.

Kakao nayo ziko mbili, na zinachanganya watu. Ile ya kawaida ina uchachu, na uchachu huo ndio unaoamsha soda. Ile iliyotiwa alkali, njia iliyotokea Uholanzi katika karne ya 19, ni nyeusi zaidi na ladha yake ni tulivu, lakini uchachu wake umeshaondolewa. Ukiwa na ya pili, sukari ya kahawia inasaidia kwa sababu molasi iliyomo ndani yake ina uchachu wake. Mimi natumia ya kawaida, naupenda ule ukali wa matunda inaouacha mwisho wa ulimi.

Donge likishachanganyika nalifinika na kuliweka kwenye friji nusu saa walau. Siagi ikiganda tena, biskuti hutandaa polepole na kubaki na kimo. Likilala humo usiku kucha ni bora zaidi, unga unakunywa unyevu wote na ladha inakolea. Binti yangu huomba kulamba mwiko na namkatalia kila wiki, maana kuna kiini kibichi na hata unga wenyewe mbichi unaweza kubeba vijidudu.

Kuijua biskuti ya kakao imeiva ni kazi, kwa kuwa rangi haikwambii kitu. Biskuti nyeupe hugeuka dhahabu ukaona. Hii ni ya kahawia tangu ikiwa mbichi. Na oveni isiyo na taa inaongeza ugumu. Ninamulika tochi kioo kuanzia dakika ya kumi. Kwanza mgongo wote unang'aa kama umepakwa maji. Kisha mng'ao unaanza kufifia, ukianzia ukingoni na kuingia ndani, na nyufa nyembamba zinafunguka. Ukibaki mduara mdogo wa kung'aa katikati, wa ukubwa wa sarafu, natoa. Mara nyingi ni dakika ya kumi na mbili. Ukizigusa wakati huo zitabonyea, utadhani mbichi. Ziache juu ya trei dakika kumi, joto lililomo linamalizia kazi. Nikizisubiri zikauke kabisa ndani ya oveni, zikipoa huwa mawe.

Mengine kuhusu oveni yenyewe nayasema kwa kifupi. Swichi ya dakika ni ya springi na haiaminiki chini ya dakika kumi. Natumia saa ya simu, nayo swichi naizungusha mbali tu ili umeme usikatike. Kuta za nje na kioo hupata moto mkali, nami nimeivuta mbali na ukuta na kumzoesha mtoto kutosogeza mkono. Waya ni mfupi. Sahani ya chini ya kudakia makombo inatoka kwa kuvuta, na hilo ni jambo jema sana, maana chokoleti inayodondoka juu ya chuma cha moto huleta moshi jikoni pote. Baada ya miezi minne mlango bado unafunga vizuri na koili zote zinawaka. Ningeinunua tena.

Siku hizi nafanya donge la biskuti nane, nne naoka na nne nazivingirisha na kuzigandisha kwenye friza, kila moja peke yake. Ndani ya miezi mitatu bado ni nzuri. Zinaingia motoni zikiwa barafu hivyo hivyo, nikiongeza dakika mbili.

Jumanne iliyopita binti yangu alirudi shule kimya, begi akaliacha mlangoni. Sikumuuliza kitu. Nikawasha oveni kwenye 155, nikatoa donge moja kwenye friza, nikaliweka katikati ya trei peke yake. Baada ya dakika kama kumi na mbili harufu ikafika chumbani kwake na nikasikia mlango unafunguka. Akaja na tochi mwenyewe, akachuchumaa mbele ya kioo.

"Bado inang'aa, mama," akasema. "Tusubiri kidogo."