Gari Lililotumika: Nimeyapanga kwa Kasoro Ambayo Wanunuzi Hawaiulizi

Siku niliponunua gari langu la pili nilifanya yote niliyofundishwa: nilisikiliza injini ikiwa bado ya baridi, nikachomoa kijiti cha oili nikakinusa, nikapiga magoti kutafuta kutu chini ya milango. Nilichosahau ni taa moja ndogo kwenye dashibodi, ile yenye picha ya mtu aliyekaa mbele ya puto. Taa hiyo hutakiwa iwake kila ufunguo unapozungushwa, ikae sekunde chache, kisha ijizime. Katika gari langu haikuwaka kabisa, nami nikaona hiyo ni dalili ya uzima. Miezi minne baadaye fundi alifungua kifuniko cha usukani ili atengeneze honi, akaniita nije kuona. Mahali pa eabegi, ule mfuko unaofumuka wakati wa ajali kumkinga dereva, palikuwa na kitambaa cha kufutia vioo kilichokunjwa vizuri, na balbu ya ile taa ilikuwa imeng'olewa. Chapa ya gari siitaji, kwa sababu kosa halikuwa la kiwanda bali la aliyeniuzia, ambaye nilipompigia simu alinijibu, "Dada, wewe ulinunua injini."

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitagusa ulaji wa mafuta wala ukubwa wa buti. Nimeyapanga magari kwa kigezo kimoja: ni rahisi kiasi gani kwa mnunuzi kuthibitisha kwamba kasoro inayojulikana ilishatengenezwa. Na ieleweke tangu mwanzo kwamba kasoro ni za aina mbili. Ipo ile ambayo kiwanda kimeikiri na kuyaita magari yarudi yatengenezwe bure, na ipo ile ambayo wenye magari huilalamikia miaka nenda miaka rudi bila wito wowote kutolewa. Hii ya pili utaitengeneza kwa fedha yako.

Wito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari ni ule wa eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata. Ndani ya eabegi mna kikopo cha chuma chenye kemikali inayolipuka ili kuujaza mfuko hewa, na Takata walitumia amonia naitreti bila kitu cha kufyonza unyevu. Joto na unyevunyevu vikiichezea kemikali hiyo kwa miaka mingi, hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kikopo kikapasuka na vipande vyake kumrukia aliyeketi mbele. Marekani peke yake iliita vikopo takriban milioni 67, na kampuni yenyewe iliomba kinga ya kufilisika mwezi Juni 2017. Taa ya dashibodi haiwezi kukuonya juu ya hili, kwa kuwa kemikali iliyochoka haikati umeme wowote.

Hata neno "kilishabadilishwa" halitoshi. Wakati vipuri vilipokuwa haba, baadhi ya magari yaliwekewa kikopo kipya cha aina ile ile, yakatakiwa yarudi tena baadaye, kwa hiyo muulize muuzaji kilibadilishwa mwaka gani na kama gari lilirudi mara ya pili. Kisha kuna gari lililogongwa likafungwa eabegi iliyotolewa kwenye gari bovu. Mwaka 2017 huko Las Vegas dereva kijana alijeruhiwa vibaya shingoni na eabegi ya namna hiyo, iliyohamishwa kutoka gari lililokuwa limeitwa. Namba ya chasisi haitakuonyesha uhamisho huo, bali fundi mwenye subira ndiye atakayeuona.

Namba yenyewe nayo ina mtego. Mamlaka ya Marekani ya usalama barabarani, NHTSA, huangalia namba ya herufi na tarakimu 17, ilhali gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani lina namba fupi, mfano NZE141 ikifuatwa na kistari na tarakimu saba, nayo hukaguliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji huko huko Japani. Ukiiingiza pasipo pake hutapata jibu, na wapo wanaodhani kukosa jibu ni kuwa salama.

La kwanza kwangu ni Toyota Corolla, na sifichi kwamba naipendelea Toyota. Corolla nyingi za miaka ya 2003 hadi 2013 zimo katika wito wa Takata, upande wa abiria, na bado naiweka juu, kwa kuwa kumbukumbu zake hupatikana kwa namba ya chasisi bila kubembeleza mtu. Ukinunua ya miaka ya karibuni zaidi, uliza pia kuhusu pampu ya mafuta, maana mwaka 2020 Toyota waliita mamilioni ya magari ambayo kipande cha plastiki ndani ya pampu huweza kupasuka na kuvimba, injini ikazimika gari likiwa mwendoni.

La pili ni Mazda6, yenye wito nilioupenda kuliko wote: mwaka 2011 baadhi ya zile za 2009 na 2010 ziliitwa Marekani kwa sababu buibui wa manjano walijenga utando kwenye bomba la kupumulia la mfumo wa mafuta. Buibui angalau huonekana kwa macho.

Subaru Forester naiweka ya tatu. Mwaka 2019 Subaru waliita magari zaidi ya milioni mbili, Forester na Impreza zikiwemo, kwa kuwa mvuke wa silikoni kutoka kwenye vitu kama losheni na dawa za kusafishia uliweza kuharibu swichi ya taa za breki. Kwenye hili mtu mmoja akanyage breki na mwingine asimame nyuma, basi. Kinachoishusha ni lalamiko la zamani la gasketi ya hedi (kizibo cha kati ya bloku na kichwa cha injini, ambacho kikivuja injini hupoteza maji) katika injini za lita 2.5, ambalo muuzaji hulifunika kwa kuongeza maji kwenye rejeta asubuhi kabla hujafika.

Honda Fit ya petroli sina ugomvi nayo, ila ile ya haibridi, yaani ya petroli na umeme, iliyoingia sokoni mwaka 2013 iliitwa mara tano katika muda wa takriban mwaka mmoja, nyingi zikihusu giaboksi na programu zake. Ukiletewa karatasi ya wito mmoja, dai na zile nyingine nne.

Za bei nafuu zaidi, nyingi zikiwa Nissan zenye giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), hazinichukui muda. Malalamiko yalizidi hadi kampuni ikarefusha dhamana ya giaboksi hizo Marekani, kwa magari ya 2003 hadi 2010, kufikia miaka 10 au maili 120,000, na muda huo ulishapita zamani. Wauzaji huyasukuma haya kuliko mengine yote, na ukigusia giaboksi utaambiwa oili imebadilishwa juzi tu. CVT hutumia oili yake maalumu, kwa hiyo kila mara naomba nionyeshwe chupa iliyobaki, na hadi leo sijaonyeshwa hata moja.